Ukungu Chini ya Mapafu

Hospitali nzima ilimwita Mama Zuia, maana kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaambia wagonjwa kupitia kipaza sauti, "Vuta pumzi, zuia." Mumewe alimtania kwamba hata nyumbani watoto wanapumua kwa ruhusa. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ndani ya mwili kwa mashine ya CT. Kuzisoma ilikuwa kazi ya daktari. Hata hivyo, hakuwahi kumshusha mgonjwa kitandani kabla ya kuzipitia zote mwenyewe.

Asubuhi moja aliletewa seremala aliyejikunja kwa maumivu ya ubavu. Picha zilionyesha jiwe dogo kwenye figo, kama ilivyodhaniwa. Lakini picha za tumbo huanzia juu kidogo, zikigusa sehemu ya chini ya mapafu, na hapo ndipo Mama Zuia aliposita. Aliona mabaka hafifu pembezoni, mfano wa kioo kilichopuliziwa pumzi.

Alimuuliza seremala kama anakohoa au ana homa. Hakuwa na lolote, ila haraka ya kurudi kwa mkewe aliyetoka kujifungua.

Akampigia daktari wa picha. Daktari, aliyezidiwa na kazi, alisema ameombwa figo, na jiwe limeonekana, basi.

"Naomba dakika mbili tu, daktari," alisema Mama Zuia. "Nikikosea, unilaumu mimi."

Daktari alikuja akijikokota. Aliinamia kioo cha kompyuta, kisha akavuta kiti. Alisema huenda ni virusi vya mapafu vinavyoambukiza, na ndiyo kwanza vinaanza, wampime puani. Kabla ya saa sita majibu yalirudi: ni virusi kweli.

Seremala aligoma kulazwa. "Nimekuja na figo, mnanipa mapafu?"

"Baba, mtoto ana siku ngapi?" Mama Zuia alimuuliza.

"Tisa."

Seremala aliomba barakoa, akakubali kulazwa.

Siku ya tatu pumzi ilimbana vibaya, lakini alikuwa tayari wodini, oksijeni ikiwa kando yake. Baada ya wiki mbili alitoka kwa miguu yake. Mkewe na kichanga walipimwa, wakakutwa salama.

Wenzake walipompongeza, Mama Zuia alikiri kwamba alipoinua simu ile aliogopa kuonekana anajifanya daktari. Kisha akawaomba wampishe, mgonjwa mwingine alikuwa anasubiri.