Mgombea wa Kwenye Shuka

Nunow Bulle alikuwa mchanja ng'ombe, na kama si ulimi wake angejulikana kwa hilo tu.

Mwanzoni mwa 1957 gari la sinema la serikali liliingia Garissa kuonyesha picha ya sotoka, ugonjwa unaofyeka ng'ombe. Nunow alikuwa amesoma, na Kiswahili chake hakikuwa cha kuokoteza sokoni, kwa hiyo akapewa kipaza sauti awatafsirie watu kwa Kisomali. Magharibi iliposaliwa, shuka jeupe likatundikwa, watu wakaketi mchangani.

Picha ya sotoka ilipokwisha, dereva akaweka nyingine: kampeni za uchaguzi huko ng'ambo ya mto Tana, nchi ambayo watu wa Garissa waliiita "Kenya", kana kwamba wao hawamo. Mgombea mmoja mrefu, amevaa koti, alisimama juu ya lori akihutubia umati. Aliposema shule, Nunow alisema shule. Vijana wakapiga makofi, na makofi yale yakampanda Nunow kichwani. Mgombea aliposema barabara, yeye akatafsiri, "Na visima! Kila malisho na kisima chake!"

Uwanja mzima ukainuka.

Asubuhi alikuta vijana kumi na wanne mbele ya ofisi ya wilaya. Aliyetangulia alikuwa Raho, msichana wa miaka ishirini na miwili, aliyetazama picha usiku, akarudi malishoni, na kutembea tena kutoka huko tangu alfajiri.

"Tumekuja kumpigia kura yule wa koti," alisema.

Bwana Shauri, Mzungu aliyetawala wilaya, alicheka mpaka alipoona anacheka peke yake. "Waambie hapa hakuna uchaguzi. Wilaya hizi za kaskazini hazimo."

Kazi ya kulisema hilo ikawa ya Nunow. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetema mchanga.

"Mbona hukutuambia jana?" Raho aliuliza.

"Sikujua, walaal, ndugu yangu."

Kweli hakujua. Lakini pia hakuuliza, na hilo ndilo lililomchoma. Akamgeukia Bwana Shauri. "Bwana, mimi nimesoma, nina kazi ya serikali. Hata mimi siwezi kupiga kura?"

"Wewe una ng'ombe wa kuchanja."

Juma lile Nunow aliandika barua kwenda Nairobi kuomba nao wapewe kura, vijana wote wakatia dole gumba. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu: barua imepokewa. Basi. Aliisoma, akaigeuza upande wa pili. Kulikuwa kweupe.

Siku ya matokeo vijana walijazana dukani kwa Saado, mjane aliyekuwa na redio ya betri. Nunow alitafsiri safari hii bila kuongeza hata neno. Jina la yule wa koti lilipotajwa miongoni mwa walioshinda, vijana walikumbatiana. Mmoja akakimbia kutafuta mbuzi wa kuchinja.

"Mtu wetu ameshinda!"

"Wetu tangu lini?" Nunow alifoka. "Nani kati yenu amempigia? Hajui hata kama mko duniani!"

"Usituharibie siku, Nunow. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuonyesha mtu mzuri."

Alijaribu tena. Aliwaeleza mipaka, akawachorea mto mavumbini: huku sisi, kule waliopiga kura. Walimsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa homa, kisha wakaenda kula nyama. Neno moja la uongo alilolitia kwa furaha ya dakika moja lilikuwa limeota mizizi, na ukweli wake wa majuma yote yale haukupata hata pa kusimama.

Raho peke yake alibaki, akiutazama ule mchoro.

"Kwa hiyo kisima hakiji."

"Hakiji. Kisima nilikisema mimi. Yeye hakukisema."

Raho aliinama, akaugusa ule mto kwa kidole. "Na wa upande wetu, wa kusema habari zetu huko Nairobi, ni nani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Wallahi, hakuna."

Raho alijitanda shuka lake vizuri, akashika njia ya malishoni bila kuaga. Nunow alitamani Raho amtukane. Hakufanyiwa hata hisani hiyo. Kesho yake alipanda lori kwenda Modogashe, ambako ng'ombe mia tatu walikuwa wakisubiri sindano.