Piga Hodi Kabla ya Kufungua

Nakumbuka siku niliyofuta miaka saba ya mtu, mwanangu, kwa mkono huu huu unaouona umeshika kikombe. Nilikuwa fundi wa pili wa karakana yetu, na kichwa kilikuwa kimenivimba kama andazi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja Iringa mjini, nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Sefu, mwanzilishi wa karakana yenyewe. Alikuwa fundi redio miaka mingi, kisha akaanza kuunda kompyuta: vipande akiagiza Dar es Salaam, makasha akichongewa na mafundi bati wa hapa hapa. Watu walimcheka, wakasema kompyuta ya Iringa itatoa togwa. Akaendelea kuunda moja moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Kompyuta yetu mojawapo ilikuwa Rujewa kwa Mwalimu Mgaya, mstaafu, jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Ikawa inazima ovyo, nami nikatumwa. Desturi ya Mzee ilikuwa kwamba fundi akifika haigusi mashine. Anakaa na mwenyewe, wanasalimiana mpaka salamu ziishe, kisha anauliza, "Humu ndani umeweka nini?" Mimi niliona huo ni uzee tu. Nilitoa shikamoo bisibisi ikiwa mkononi.

Ndani nilikuta pumba tupu za mpunga. Nikasafisha, ikatosha, lakini nilitaka kuonyesha ujuzi. Mwalimu alipokwenda kuniletea chai, nikapiga fomati, vyote vilivyomo vikafutika, nikaweka programu mpya. Aliporudi alitafuta faili lake, akalikosa.

Kwa miaka saba alikuwa akikusanya maana za neno moja, kupiga. Piga pasi, piga chafya, piga magoti, piga moyo konde. Kila alipolisikia, sokoni au kanisani, aliliandika pamoja na jina la aliyelisema.

"Nakala nyingine sina, binti yangu," alisema. Kikombe chake cha chai nilikiweka chini. Nililia mbele yake bila aibu.

Mzee Sefu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Salamu mlisalimiana?"

Nikasema, kidogo.

"Basi hukuingia kwa watu, umevamia. Chukua daftari, rudi Rujewa."

Nikarudi, nikapiga hodi, na mwezi mzima nikakaa kwa Mwalimu, nikifuatana na mkewe mashineni na kwenye majaruba ya mpunga, nikiyaandika maneno upya. Kina mama wakatupatia kupiga mpunga, vijana wakatupatia kupiga stori, mfugaji mmoja Msukuma akatupatia kupiga mnada. Hatukuyapata yote. Mengine aliyasema dada yake Mwalimu, naye alikwisha fariki. Hilo linaniuma mpaka leo. Siku ya kuondoka, Mwalimu alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari akaandika "piga hodi", na pembeni yake jina langu.

Leo karakana ile ni kiwanda, Iringa na tawi Mbeya. Nikiingia shule za Mbarali, upande ule wa Rujewa, nikakuta kompyuta zetu zimejipanga darasani, natembea kifua mbele, sikufichi. Kila kasha lina chujio la kitambaa la kuzuia pumba, na la kwanza nililishona mimi. Juu ya skrubu tumeweka kibandiko: Piga hodi kabla ya kufungua. Wengi hudhani ni pambo.

Kesho unaanza kazi, mwanangu. Unajua mengi kuliko nilivyojua mimi, na nakuonea fahari. Lakini ndani ya kompyuta ya mtu mna maisha yake, na haraka haraka haina baraka. Kaa kwanza. Salimia mpaka salamu ziishe, uliza mna nini, weka nakala, ndipo ushike bisibisi. Ukikosea, usijifiche, rudi na daftari.

Mungu akupe mkono mtulivu, na kila utakapopiga hodi, akufungulie mtu anayefurahi kukuona.