Pasipoti ya Koli

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilikabidhiwa rundo la helmeti zinazonuka jasho, nikaambiwa nizioshe. Karatasi zangu zilisema mtunza ghala, nami nilijua nimekuja kutunza saruji na misumari. Mkuu wa Stoo, Mmarekani mfupi asiyecheka, alinitazama mikono kabla ya uso. "Kamis," akaniambia, maana Khamis ilimshinda, "saruji ina wenyewe. Wewe utatunza timu."

Siku hizo pesa ya mafuta ilikuwa ikijenga mji kwa mkupuo mmoja, na kampuni za Kimarekani zilizokuja kujenga zilikuja na mpira wao, ule wa kubebwa mkononi, wenye umbo la papai. Wachezaji wetu waliandikwa mafundi bomba na wapimaji ardhi, lakini sijapata kumwona hata mmoja ameshika spana. Waliletwa kucheza na walilipwa kwa kucheza. Basi mimi, mtunza ghala wa uongo, nikawa nawahudumia mafundi bomba wa uongo, na hakuna aliyeulizwa.

Nyinyi vijana mnaona viwanja vya nyasi mnadhani ndivyo vilivyokuwa. Wetu ulikuwa mchanga uliomwagiwa mafuta machafu ukashindiliwa, mweusi na mgumu, na aliyeanguka aliacha ngozi pale. Kabla ya mchezo niliwafunga vifundo vya miguu kwa plasta pana, kuanzia chini ya kisigino nikipanda juu. Ukilegeza, mtu anateguka. Ukikaza mno, mguu unakufa ganzi. Kazi hiyo huifanyi bila kusimuliwa mambo ya watu, kwa kuwa mtu amekaa mezani na mguu wake umo mikononi mwako.

Ndivyo nilivyomjua Koli. Alikuwa mrushaji, yule anayepokea mpira na kuutupa mbele, ambaye timu nzima humtegemea. Kijana mrefu, mpole, mtoto wa pekee wa mama mjane. Kila nikimfunga aliniambia habari za mama huyo, mpaka nikahisi namjua.

Msimu ule tulianza kwa kufungwa, kisha tukashinda mfululizo, ukabaki mchezo mmoja wa kombe, na timu ya Jeddah. Wiki hiyohiyo Koli akapigiwa simu kwamba mama yake yu hospitali na madaktari wamekata tamaa.

Pasipoti zetu zote zilikaa ndani ya sefu ya Meneja wa kampuni, na bila muhuri wa kutoka, ambao kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, ndiye anayeuombea, huvuki uwanja wa ndege. Nilikuwa nikidhani sheria hiyo ni yetu sisi watu wa chini. Siku ile nilikuwa nikipanga kinga za mabega nje ya ofisi, mlango wazi, nikamsikia Koli akiomba.

"Tucheze Jeddah kwanza," Meneja alisema. "Jumamosi asubuhi namtuma mandubu na pasipoti yako."

"Mama hatangoja Jumamosi, bosi."

"Madaktari huzidisha mambo. Na wenzako wanakutegemea."

Jeddah kulikuwa na joto la bahari, helmeti zikichuruzika jasho. Koli alicheza kama mtu mwenye haraka ya kwenda, na tukashinda. Wenzake walimbeba mabegani, akawaomba wamshushe.

Jumamosi mandubu, Msaudia aliyeizungushia kampuni karatasi zake serikalini, alirudi na pasipoti ileile bila muhuri. "Mafi, hakuna muhuri," akasema. "Jawazati, ofisi ya pasipoti, wamefunga. Hajj hii, ya akhi. Mpaka baada ya Idi." Meneja alikuwa ameupanga msimu wote kwa kalenda iliyotoka kwao, Krismasi imetiwa rangi nyekundu, Hajj haimo. Simsingizii kwamba alikusudia. Alikuwa ameishi nchi hii miaka asijue wenyeji wake wanafunga ofisi lini, na hilo bado linanikera.

Siku ya Idi mama akafa. Wakamzika mwanawe hayupo.

Mimi na mke wangu Zuhura tulikaa Manfuha, mtaa wa Riyadh. Nilipomweleza, aliweka chini sinia ya maandazi. "Mlete," akasema.

"Mkristo yule, Zuhura. Na leo Idi."

"Nimekuuliza dini yake? Kafiwa na mama na yuko chumbani peke yake. Mlete, bwana."

Nikamleta. Watu wa kwetu Unguja waliokaa mtaani wakaja na kanzu zao za Idi, wakakaa naye mkekani. Hatukujua tumsomee nini, basi hatukusoma kitu. Tulikaa tu, kahawa ikizunguka, na kila aliyeingia alimshika mkono akamwambia pole. Alilia bila kujificha. Akawa anakuja kila alasiri, mpaka ofisi zikafunguliwa, na Meneja akafika kwetu mwenyewe na pasipoti iliyopigwa muhuri.

Koli aliifungua, akautazama muhuri, akamrudishia.

"Iweke, bosi," alisema. "Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea."

Meneja alisimama nayo mkononi mpaka Zuhura akampelekea kahawa. Akainywa, akaondoka.

Koli hakucheza tena. Aliomba apelekwe Jeddah, akajifunza ufundi bomba wa kweli, na huko nikapoteza habari zake. Bei ya mafuta iliposhuka timu zikavunjwa, mimi nikarudishwa ghalani kwenye saruji, chini ya Meneja wa pili na wa tatu. Katikati ya hayo mama yangu akaugua Unguja. Sikwenda ofisini kuomba ruhusa. Jibu nilikwisha kulisikia, nikiwa na kinga za mabega mikononi. Alizikwa bila mimi.

Sasa nakaa Suwaidi, hapahapa Riyadh, kwa binti yangu. Siku ya kustaafu, Meneja wa tatu aliifungua sefu mbele ya watu, akanipa mkono na pasipoti yangu. "Sasa uko huru, Mzee Khamis." Niliishukuru hadhara, nikaiweka pasipoti mezani kwake, nikatoka. Akadhani nimesahau kwa uzee, akamtuma mtu anikimbilie nayo hadi getini.