Dobi wa Same Aliyeshukuru Kabla ya Kupona

Mabasi ya asubuhi yaendayo Dar es Salaam bado hayajafika Same, na Tumainieli, dobi mwenye umri wa miaka hamsini na sita, tayari anapepea mkaa ndani ya pasi yake. Gongo moja liko chini ya kwapa la kushoto. La pili ameliegemeza mezani, kwa sababu mkono wa kulia lazima ushike pasi.

Anafanya kazi amesimama. Kwenye kigoda hawezi kukaa. Kuinama sana amekatazwa. Kila baada ya nguo mbili tatu anasita, anafumba macho, kisha anaendelea.

"Shikamoo, mzee wa saruji," Lugano, fundi ujenzi kutoka Mbeya aliyefuata shati lake, anamsalimu dobi. "Umeshaimwagilia maji leo? Saruji isiyomwagiliwa hupasuka, ohoo!"

"Marahaba. Nimeimwagilia chai ya rangi."

Wanacheka wote wawili. Lugano anapoondoka, uso wa dobi unabadilika.

"Hajui kwamba imeshapasuka kweli," anasema.

Nyonga yake ya kulia ilivunjika alipoanguka na pikipiki njia ya Hedaru, akawekewa nyonga bandia ya chuma. Miaka michache baadaye vijidudu viliingia. Mguu uliuma mchana kutwa, usaha ukatoka pajani. Madaktari wa hospitali ya rufaa waliitoa nyonga ile, wakasafisha mfupa, na mahali pake wakaweka kiungo cha muda, kilichotengenezwa kwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa za kuua vijidudu. Kiungo hicho hutoa dawa taratibu na kushikilia nafasi ili mguu usifupike. Vipimo vikishakuwa safi, kwa kawaida baada ya miezi michache, hutolewa na nyonga mpya huwekwa.

"Daktari aliniambia waziwazi," anakumbuka Tumainieli. "Alisema, 'Hiki ni cha kupitia tu, mzee, si cha kuishi nacho.'"

Anaishi nacho mwaka wa pili sasa.

Sababu haiko hospitalini. Iko Kighare, kijijini kwake huko Ugweno, ambako usharika wake ulichangia operesheni zote mbili: ya kuitoa nyonga yenye vijidudu na ya kuweka mpya. Baada ya ile ya kwanza, usaha ulikauka na maumivu yakapungua. Kwa desturi ya usharika huo, aliyesaidiwa hupita mbele Jumapili na kutoa shukrani. Tumainieli alikwenda. Alimkabidhi mkewe, Eva, magongo yote mawili, akatembea mikono mitupu hadi madhabahuni.

"Kanisa zima lilipiga vigelegele," anasimulia Eva. "Mimi nilikuwa nalia, na si kwa furaha. Nilimwona anavyouma meno."

Mzee wa kanisa, Nicolaus, alimuuliza mbele ya watu kama amepona. Akajibu kwamba amepona. Akaulizwa michango iliyobaki ifanyiwe nini. Akasema apewe mtoto wa Esta, jirani yake mjane, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo. Mtoto alitibiwa, na leo yuko shuleni.

"Zile fedha sizijutii hata kidogo," anasema dobi. "Ninalijutia lile neno. Niliona kama kusema 'bado' ni kumkosoa Mungu kanisani kwake."

Siku njema humwingizia shilingi elfu kumi na mbili. Sehemu kubwa huishia kwenye mkaa, kodi ya banda na vidonge vya maumivu. Bima hana.

Mwezi uliopita picha ya eksirei ilionyesha ufa katika saruji. Daktari alimweleza kwamba ikivunjika, mfupa unaweza kuharibika kiasi cha kukosa mahali pa kushikiza nyonga mpya. Mguu utabaki mfupi, na kazi ya kusimama itakuwa imekwisha.

"Baba Irene, waambie," Eva alimsihi walipotoka hospitali.

"Niwaambie nini, Mama Irene? Kwamba nilidanganya madhabahuni?"

"Waambie unaumwa. Wangapi pale hawajawahi kuumwa?"

Wiki iliyofuata Nicolaus aliteremka Same, akaja mpaka bandani. Alileta mwaliko. Sikukuu ya mavuno imekaribia, paa la kanisa linavuja, na wazee wameona Tumainieli apite tena mbele kama siku ile, bila magongo, ili waumini watiwe moyo na kufungua mikono.

"Alinishika bega, akaniambia mimi ndiye ushuhuda wao," anasema. "Nikashindwa kumtazama."

Juzi Tumainieli alimpigia Nicolaus simu. Alimweleza kwamba atakuja, lakini kwa magongo yake, na kwamba atawaambia waumini ukweli: kiungo alichowekewa ni cha muda, kina ufa, naye anahitaji kurudi hospitali. Hajui kama watachanga tena. Hajui hata kama watamwamini. Ila amekwisha kuwaambia wateja kwamba Jumamosi banda litafungwa kwa safari ya Kighare.

"Mzee alinisikiliza vizuri," anasema, akipuliza majivu kwenye pasi. "Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ninaweza kuyasema hayo baada ya sadaka kukusanywa."

Anaipitisha pasi kwenye kola ya shati, polepole, mpaka mwisho.

"Nikamwambia, 'Hapana, mzee wangu. Nitayasema kabla.'"