Kofia ya Kocha Hruska

Siku hizi vijana wa shule yetu ya Dannevik wanarusha mpira tangu filimbi ya kwanza, utadhani wanafukuza kunguru kwenye mahindi. Verlin Hruska hukaa jukwaani, blanketi magotini, mkewe Milada ubavuni, akitazama na kuguna. Zamani, huku kwetu Nebraska, mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi, ulikumbatiwa kama mtoto mchanga, ukapenyezwa katikati ya watu kwa mabega. Kuurusha kulikuwa dalili ya woga, au ya malezi mabaya.

Verlin alikuwa kocha wa namna hiyo. Asubuhi alifundisha useremala, jioni mabega, na kwa miaka mingi ikatosha. Kisha Wilmot, wale majirani wetu wa ng'ambo ya mto wenye kujisikia, wakajifunza kurundika watu wote mbele, na wakimbiaji wetu wakawa wanarudi na pua zinazovuja damu. Bodi ya shule haikumung'unya maneno: akifungwa na Wilmot tena, mwakani atatafutwa kocha mwingine.

Jumamosi, kwenye ghala la nafaka, wazee wa kahawa wakamchokoza.

"Kocha," akasema Otakar Pospisil, "hivi unajua ule mpira unaweza kuruka?"

"Hata kuku anaruka, mzee. Umemwona akifika wapi?"

Wakacheka. Nyumbani hakucheka. Alimwaga maharage mezani akaanza kuyapanga: haya ukuta, hili mkimbiaji, hili mrushaji. Pasi alikuwa nazo, ila alizitoa pale tu maji yalipomfika shingoni, na kila mtu alizinusa. Sasa alitaka pasi iliyovaa nguo za mbio: hatua zile zile, hasira ile ile. Mrushaji ajifanye anamkabidhi mkimbiaji mpira. Mtu wa pembeni, kijana wa Otakar, ampige adui bega kwanza, bega la kweli, ndipo aponyoke nyuma yao kuupokea mpira, wakati wanamvamia mtu asiye na kitu.

Milada alikuwa anakanda unga wa kolachi, ile mikate midogo ya jamu. Akayatazama maharage, akamtazama mumewe.

"Nzuri. Ila Wilmot wataijua kabla hujaiagiza."

"Wataijuaje, mama?"

"Ukitaka kurusha unavua kofia, unajikuna kichwa. Miaka yote. Hata padri anajua. Akikuona, huacha kutafuna karanga."

Verlin akaliacha harage alilokuwa ameshika. "Na hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe shauri unaomba kwa maharage."

Ijumaa ya mechi ya Wilmot, kabla Verlin hajatoka, Milada alimkalisha kwenye kiti cha jikoni akaibana ile kofia kwa vibanio vyake vya nywele. Nywele za Verlin zilikuwa chache, lakini zilitosha.

Mechi ikaenda kama zote: bega, tope, bega. Dakika za mwisho tulikuwa nyuma, na ukuta wa Wilmot umesimama imara. Verlin akawaagiza vijana ile pasi. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukashika kofia, ukavuta. Kofia ikagoma. Akakunja uso kwa maumivu, akaushusha mkono.

Ng'ambo ya uwanja kocha wa Wilmot, ambaye macho yake hayakuwa kwenye mpira hata kidogo, aliona kofia iko palepale. "Wanakimbia," akawaambia vijana wake. "Jazeni mbele."

Wakajaza. Kijana wa Pospisil alipiga bega, akaponyoka, akajikuta peke yake kama ndama aliyetoroka zizini. Mpira ulikuja unayumba, mbaya kweli kweli. Akaukumbatia, alivyofunzwa, akaufikisha mstarini, tukashinda. Jukwaani padri alibaki mdomo wazi, karanga ulimini.

Verlin akabaki kocha mpaka magoti yalipomkatalia.

Sasa hakuna anayeficha kitu. Vijana wanajipanga, kila mtu anajua mpira utapaa, na hakuna anayejali. Lakini kila wakijipanga, mkono wa Verlin unatoka chini ya blanketi na kupanda polepole kichwani. Milada haangalii hata. Anaudaka njiani, anaurudisha chini ya blanketi, anaushikilia humo.

"Tulia," anamwambia. "Watajua."