Maharage ya Pacha wa Mti

Puu, puu, puu. Mpaka leo naisikia ile sauti ya mchi ndani ya fleti ya ghorofa ya tatu, Tensta, hapa Sweden, saa sita mchana. Jirani wa chini alikuwa anagonga dari kwa fagio. Mama anacheka, anazidi kutwanga viazi vikuu vyake akiwa ameketi kwenye kigoda.

Nilikuwa naenda kwake mara mbili kwa wiki, kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani. Nilimwita Mama kwa sababu "Bibi" aliikataa siku ya kwanza. Alikuwa Myoruba, lakini aliolewa na Mganda akaishi Kampala miaka mingi, kwa hiyo kwa Kiswahili tulielewana. Nami, niseme ukweli, napenda hadithi kuliko kufagia.

Alinisimulia mji wao. Mwindaji alimfuata mnyama mpaka kwenye mwamba mkubwa, mnyama akapotea, yeye akajenga pale pale. Vita vilipokuja, watu wakajificha kwenye mwamba huo huo. Soko lao ni kila siku ya tano. Na mapacha, karibu kila nyumba.

"Anayetoka wa pili ndiye mkubwa," aliniambia. "Wa kwanza ametumwa tu akaonje dunia."

"Kwetu anayetangulia ndiye mkubwa, Mama."

"Basi kwenu mnamheshimu tarishi!"

Yeye alitoka wa pili. Mwenzake alikufa kabla hajajua kutembea, na fundi wa mji akamchonga kwa mti, ili asijisikie mpweke akaja kumwita aliyebaki. Mama yake alimwogesha yule wa mti, akamvisha, akamlisha maharage. Mama alipokua akaendelea kufanya hivyo mwenyewe, hata hapa Sweden. Pacha huyo wa mti alisimama kando ya televisheni, uso umelainika kwa kuoshwa, pua karibu imekwisha.

Halafu Mama akaanza kusahau. Binti yake, mtu wa kanisa sana, akampatia nafasi kwenye nyumba ya wazee huko Skärholmen.

"Hiyo sanamu haiendi huko," alisema, "na kwangu haiingii."

Mama akanivuta jikoni. "Asipolishwa ataniita, mwanangu."

"Nitamlisha mimi, Mama." Nilijibu kwa furaha, kama niliyeombwa kumwagilia maua.

Siku ya kuhama niliikuta sanamu ndani ya mfuko wa taka. Nikamwomba binti anipe.

"Chukua. Mradi nisiione tena."

Ndani ya basi nilingoja kulia. Mimi ninayelia hata kwa matangazo ya biashara! Hakikuja kitu. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi kwa kukaliwa vibaya.

Wiki iliyofuata nilienda kumwona. Alinitazama kwa adabu, kama mgeni.

"Leo ni siku ya soko?"

"Kesho, Mama."

Akaridhika. Pacha hakumtaja. Nikarudi zangu, bado sihisi chochote.

Ijumaa, mwenzangu ninayeishi naye alikuwa kazini. Nilimwogesha pacha kwa maji ya vuguvugu kwenye beseni, nikampaka mafuta. Nikapika maharage kwa mawese ya duka la Wakongo, nikamwekea kwenye kisahani mezani. Sikuwa nimeuliza anakula kwa muda gani, wala kinachobaki ni cha nani. Nikakaa mbele yake mpaka yakapoa. Kisha nikachukua kijiko, nikayala mimi, yote.