Milimita Themanini na Mbili za Zipora

Miaka kumi na tisa Zipora amewapimia watu mvua, na hajawahi kulipwa hata kipande cha sabuni. Kila siku saa tatu asubuhi huenda kwenye kipimamvua kilichozungushiwa minyaa uani kwake, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akaandika daftarini na kutuma hesabu mjini kwa simu. Na Dodoma hii ilivyo, mara nyingi huandika sufuri.

Kijijini kwao, kando ya barabara ya Mtera, watu huberega: Novemba hukwangua ardhi kavu na kufukia mtama kabla mvua haijafika. Ni kubahatisha kutupu. Kampuni ya bima ilipokuja, Zipora ndiye aliyesimama baada ya ibada kuwashawishi.

"Mvua ya msimu isipofika milimita mia mbili na hamsini, mnalipwa. Na anayepima ni mimi. Nani atawadanganya?"

Kaya arobaini zikajiunga kwa sababu yake.

Desemba ikanyesha, mtama ukaota, kisha mbingu zikafunga. Januari sufuri. Februari sufuri. Mtama ukakauka ukiwa umefika magotini. Machi, watu wameshawafungulia mbuzi wakale mabua, ikashuka mvua ya kichaa alasiri moja tu, ikasomba hata udongo. Kesho yake Zipora akakuta milimita themanini na mbili. Akajumlisha za msimu mzima: mia mbili hamsini na tatu.

Bartolomayo, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa ameshafika kwenye minyaa.

"Shemeji, mwaga hayo maji."

"Siwezi."

"Mwaga nusu basi. Nani amekuona?"

"Wewe umeniona, shemeji."

"Mimi sijaona kitu. Nimeona mtama wangu ulivyokufa."

Zipora akafungua daftari, akaandika themanini na mbili.

Mei akaja Damas, afisa wa ile kampuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutazama mabua?"

"Nimeyaona, mama, na inaniuma. Lakini hata sisi tumejikatia bima kwa makampuni makubwa ya ng'ambo. Mwaka ukiharibika, wao ndio wanaobeba mzigo. Hawaji shambani, wanasoma jumla tu. Na jumla yako imezidi kwa milimita tatu."

"Mvua iliyokuja kuzika, nayo ni mvua?"

"Kwenye mkataba ni mvua."

Zipora alitamani kumchapa bua la kichwa. Afadhali angemchapa! Badala yake, Damas alipoomba madaftari ya miaka yote kumi na tisa na kusema kanda nzima hakuna kumbukumbu safi kama zake, mama wa watu alivimba kichwa. Akayaleta, akayapangusa vumbi, Damas akapiga picha kila ukurasa. Moyoni akajua ukweli wake utawapigania majirani.

Oktoba Damas akapiga simu.

"Mama, wale wa ng'ambo wamesoma madaftari yako. Wameona katika kila miaka kumi, sita ilikuwa mibaya. Wamesema mzigo wa huku hawaubebi tena. Na bila wao, sisi peke yetu hatuwezi."

"Kwa hiyo tunaungua sana, ndiyo maana wanatukimbia?"

Damas akaomba radhi, akakata simu. Habari zikazagaa kabla ya jua kuzama: Zipora aliwanyima fidia, sasa amewanyima na bima yenyewe.

Novemba ikafika. Desturi ya hapo, mwenye shamba hupika togwa, majirani wakaja na majembe, wakaberega pamoja. Zipora alipika la kutosha watu arobaini. Akakaa na mtungi wake pembeni mwa shamba tangu alfajiri, akiwatazama wakipita njiani na majembe begani, Bartolomayo akiwa mbele yao. Hakuna aliyegeuza shingo.

Saa tatu akaenda kwenye kipimamvua. Akaandika sufuri, akaituma. Kisha akarudi shambani, akauinamisha mtungi, akalimwaga togwa lote kwenye ardhi kavu.